Swali Lililoulizwa Ndege Ikipita

Mtaa ule ulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewafundisha. Ndege ikija kutua, iwe sokoni, iwe msibani, iwe chumbani mwa mtu na mkewe, kila mdomo hufungwa. Neno likiwa limefika katikati hubaki papo hapo juu ya ulimi, likingoja. Ndege ikishapita mtu humalizia neno lake kama vile hakuna kilichotokea, na anayesikiliza wala hashangai. Watu waligombana hivyo, waliposana hivyo, na Mungu walimwomba hivyo hivyo. Mgeni akiendelea kupayuka chini ya ngurumo walimcheka: "Mwacheni, huyo bado ana masikio ya kwao."

Mtu mmoja tu wa mtaa hakuwa na desturi hiyo, naye ni Mabega. Mabega alikuwa mpakia mizigo pale uwanjani, kibarua wa miaka na miaka. Kule chini ya matumbo ya ndege hakuna kungoja ngurumo ipite, kwa sababu haipiti. Watu hupiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mikono nayo husaidia kusema. Basi hata nyumbani aliendelea kuongea ndege ikiwa juu ya paa, mdomo unakwenda, sauti haisikiki, na mkewe akimtazama tu.

"Umemaliza?" mkewe humuuliza, kimya kikirudi. "Haya, anza upya."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba nyuma yake. Upande wa pili wa nyumba ile ile, kwa mlango wake mwenyewe, alikaa mdogo wake Mabega, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, ambaye watu walimwita Fundi Geti. Ndugu hao wawili waliijenga ile nyumba kwa mikono yao. Chumba cha katikati walimpa mama yao, nacho kilikuwa na milango miwili, mmoja kwa kila mtoto, ili asiwepo wa kusema mama ni wa mwenzake.

Habari ya njia ya pili ya ndege kutua, itakayojengwa hapo penye mtaa wao, iliingia nyumba ile kama moshi unaopenya chini ya mlango. Jioni ile walikuwa wamekaa barazani wanakula.

"Uwanja umejaa, mdogo wangu," Mabega alisema. "Ndege zinazunguka huko juu kama mwewe, hazina pa kutua. Abiria wanalala sakafuni, watoto wanajikojolea kwenye foleni. Sisi tunapakua ndege mbili kwa mikono ya ndege moja. Mwenzetu juzi kapasuka nyonga. Njia ya pili ikijengwa, vibarua wote tunaandikwa kazi ya kudumu. Msimamizi kasema."

"Msimamizi kasema! Na huyo msimamizi anakaa wapi?"

"Nitajuaje anakokaa?"

"Anakaa kusikopita ndege. Ndiyo maana hujawahi kumwona dukani."

"Kwani watatufukuza bure? Watatulipa."

"Watakulipa tofali na bati. Wateja wangu watawalipaje? Wananijua tangu naziba pancha. Wakinitupa huko porini nikamchomelee geti nani, fisi?"

Mama yao alicheka mpaka chakula kikampalia. Mabega hakucheka. Mgongo ulikuwa unamuuma, na siku ile msimamizi alikuwa amemwita "wewe punda wa kijani" mbele ya wahudumu wa ndege, kwa sababu ya ile fulana ya kazi.

"Wewe unafikiria geti," alisema. "Mimi nafikiria mgongo wangu."

"Wewe unafikiria tumbo, kaka. Kwa kazi ya kudumu ungemuuza hata huyu mama, na mzani ungebeba mwenyewe."

Bakuli lilimpata Fundi Geti juu ya jicho. Aliruka akiwa na damu usoni, akamkamata kaka yake kiunoni, wakaanguka wote juu ya cherehani. Cherehani ikaenda chini, gurudumu lake likavunjika. Mshonaji akapiga yowe, si kwa ajili ya mume wala shemeji, bali kwa ajili ya gurudumu. Walipigana kama watu wasiojuana, ngumi za mbavu na magoti ya tumboni, mpaka mama yao alipoinua beseni la maji ya vyombo akawamwagia yote.

"Mbwa huachanishwa hivi," alisema. "Watu sijui huachanishwaje. Nyinyi chagueni."

Fundi Geti aliinuka akitiririka maji. Alisimama mlangoni kwake, akamnyooshea kaka yake kidole.

"Siku utakayofungua huo mdomo ukawakubalia wale watu—"

Ndege ikaja. Kidole kikabaki hewani. Wote walimngojea, mama, mshonaji, hata Mabega mwenyewe. Ikapita.

"—nitaufunga kwa mkono wangu mimi," akamalizia, akabamiza mlango.

Mkutano uliitwa katika uwanja wa shule. Mkubwa wa mradi alitoka ofisi za mjini, mtu mpole wa sauti, amevaa tai nyekundu kwenye jua lile, na kabla hajashuka garini watu walikwisha mwita Bwana Tai. Alikuja na meza, kipaza sauti, picha kubwa ya uwanja mpya, na askari wenye marungu. Meza ilikuwa nzito. Bwana Tai alitazama huku na huku, akamwona mtu mwenye mabega.

"Wewe bwana, tusaidie hapo."

Mabega akaibeba meza. Baada ya meza akabeba spika, na baada ya spika akaambiwa asimame karibu aishikilie, maana upepo ulikuwa unaiyumbisha. Ndivyo alivyojikuta mbele, ubavuni mwa mkubwa, watu wote wakimtazama.

"Tazama," muuza mboga alimnong'oneza mwenzake. "Keshaenda upande wao na fulana yao."

Watu walisema. Mwalimu alisema watoto wake wanajua nusu ya kila somo, nusu nyingine imechukuliwa na ndege. Kijana mmoja alisema heri ijengwe, watu wapate kazi, akazomewa na kuvutwa shati mpaka akakaa chini. Mzee mmoja aliuliza makaburi yatapakiwa kwenye lori gani. Bwana Tai alijibu yote kwa upole. Alisema nchi haiwezi kwenda mbele na uwanja ambao ndege zinapanga foleni kama watu wa kisimani. Jiwe likatoka nyuma likatoboa ile picha katikati. Askari wakasogea hatua moja. Bwana Tai akatazama saa yake, kisha akatazama gari lake.

"Ndugu zangu, nisiwachoshe," alisema. "Nauliza wazi, tusije tukalaumiana. Kuna mtu anayepinga mradi huu? Kama yupo, aseme sasa."

Na papo hapo ndege ikatokea juu ya miti, imeshusha magurudumu.

Uwanja mzima ulikuwa umevuta pumzi useme. Uwanja mzima ukafunga mdomo. Vifua vilijaa, macho yalitoka, ngumi zilikunjwa, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Hawakuogopa askari. Kwa mtu wa mtaa ule, kusema saa ile ni upuuzi, sawa na kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Walingoja ipite.

Bwana Tai hakuwa mtu wa mtaa ule. Alitazama umati umenyamaza, akatazama kushoto, akatazama kulia. Uso wake ukalainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Mabega aliuona ule uso, akaelewa. Moyo wake ulimwambia: Nyamaza wewe. Kazi ya kudumu hiyo. Huna ulilofanya, ni ndege tu. Hakuna mtu pale aliyeitaka ile njia ya pili kuliko yeye. Lakini mbele kabisa, juu ya kiti alichopewa kwa ajili ya miguu yake mibovu, alikaa mama yake, midomo imebanwa, kidole kimoja juu, anangoja zamu yake ya kusema. Mabega akamwinamia Bwana Tai sikioni, akapiga kelele kama anavyopiga kazini:

"Subiri! Ni ndege! Hawajajibu! Waulize tena!"

Alimwinulia na kiganja, kama anavyomsimamisha dereva wa mizigo. Bwana Tai hakusikia hata neno. Aliona mtu anayemsogelea kwa bidii, mkono mbele. Akautwaa ule mkono akautikisa, akatabasamu, akasema neno kwenye kipaza sauti, nalo likamezwa na ngurumo, akageuka kwenda zake.

Ngurumo ilipokatika, uwanja ulipasuka kwa neno moja: "Tunapinga!"

Lakini mlango wa gari ulikwisha fungwa, na gari lilikuwa linarudi nyuma kuelekea barabarani.

Mawe yalilifuata. Kioo cha nyuma kikamwagika. Askari wakaingia kwenye umati na marungu, wakampasua mwalimu paji la uso, wakamburuta yule mzee wa makaburi kwa kola. Kisha nao wakarukia gari lao wakaondoka, na mtaa ukabaki na hasira yake mkononi, hauna pa kuitua.

"Mabega!" muuza mboga alipiga kelele. "Mabega ndiye aliyemjibu! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Kampa mkono!"

"Kamwambia tumekubali!"

"Hapana, nilimwambia—" Mabega alianza, na kofi la kwanza likamzima. La pili likafuata, fulana ikararuliwa. Wakamwangusha. Walimpiga watu aliowabebea majeneza, kwa viatu, kwa ngumi, kwa miguu ya ile meza. Mmoja alimkalia kichwani. Mkewe alijipenyeza katikati ya miguu yao akajilaza juu ya mume wake, wakampiga naye mpaka mtu fulani akasema, "Huyo mwanamke, jamani."

Wakamwinua Mabega. Alipofumbua macho alimwona mdogo wake, amekuja mbio kutoka karakana, mkononi ana kipande cha bomba la pembe nne.

"Ni kweli ulisema naye?"

"Nilisema naye, lakini—"

Bomba lilitua kwenye taya. Sauti yake ilikuwa ya ukuni mkavu, na watu waliokuwa wakishangilia wakaacha. Mabega alipiga magoti. Mdomo wake ulining'inia upande, haufungi wala haufunguki, damu na meno vikidondoka kwenye vumbi.

Fundi Geti alilitazama lile bomba kana kwamba mtu kampa alishike kwa muda.

Hakuna aliyekubali kumpeleka zahanati. Mwenye bodaboda alisema mafuta yamekwisha huku injini inanguruma. Mshonaji aliomba toroli la mboga, muuza mboga akasema, "La mchicha, siyo la wasaliti." Basi akamweka mumewe begani, mwanamke yule mwembamba, wakaenda hivyo hivyo hadi zahanati. Mganga alimfunga taya kwa waya na bandeji, akasema asile kitu kigumu wala asiseme.

"Hata neno moja?" mkewe aliuliza.

"Mama, hapo pa kupitia neno hapapo."

Waliporudi, wateja walikuwa barazani wanachukua nguo zao. Walichukua zilizokwisha na zisizokwisha. Mwanamke mmoja aliondoka na gauni la mkono mmoja. "Nitalivaa hivi hivi," alisema. "Afadhali mkono mmoja kuliko mkono wako."

Mshonaji aliingia ndani, akakaa kitandani karibu na mumewe. "Ulimkubalia?" aliuliza.

Mabega alitikisa kichwa, machozi yakamtoka kwa maumivu.

"Sasa ulimwambia nini? Maana maneno yalikuwa mengi, nimekuona. Na umetuimbia hiyo njia ya pili mpaka masikio yameota sugu."

Mabega alichukua mkaa, akainama, akaandika sakafuni kwa herufi kubwa: NILIMWAMBIA ASUBIRI NDEGE. AULIZE TENA. Mshonaji alisoma. Alitaka kuamini kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, lakini alimjua mumewe na hamu yake. Akaenda kumwita shemeji yake. Fundi Geti alisimama juu ya yale maandishi, hakumtazama aliyelala.

"Kila mwizi akishakamatwa husema alikuwa anapita tu," alisema. Akayafuta kwa soli ya kiatu, akatoka.

Mama yao alikuwa mlangoni mwa chumba cha katikati. Alifunga mlango wa upande wa Fundi Geti kwa komeo, akabaki na mmoja.

Kesho yake asubuhi mtaa ulikusanyika mbele ya nyumba. Lilikuwa jua la wazi, na mtu mmoja alikuwa ameshika dumu la petroli. Muuza mboga alikuwepo, mwalimu mwenye bandeji alikuwepo akisema "Jamani, jamani" bila kusikilizwa. Fundi Geti alisimama mlangoni kwake, nyundo mkononi.

"Upande wangu asiguse mtu," alisema.

"Na ule wa pili?"

Fundi aliigeuza nyundo mkononi.

"Moto haujui upande, shemeji," mshonaji alisema. Alikuwa amekaa kizingitini, na kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine ameshika mkasi wake mkubwa. "Na mama yako yumo katikati. Haya, njooni. Wa kwanza nitamtoa jicho, wa pili mtanimaliza."

Mwenye dumu akafungua kifuniko. Harufu ikatapakaa. Ndipo gari lenye nailoni mahali pa kioo cha nyuma lilipokata kona, na Bwana Tai akashuka, na askari wawili, na mpiga picha. Kwa namna alivyoona watu wengi, alidhani wamekuja kumpokea.

"Namtafuta yule bwana mwenye mabega," alisema. "Mwakilishi wa wananchi. Nimeona si vizuri nisije kumshukuru."

Petroli ikaanza kumwagwa ukutani. Mshonaji aliinuka, akamwendea Bwana Tai na mkasi wake, askari wakamshika mikono. Akasema kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia:

"Baba, kabla hawajatuchoma. Mume wangu alikuambia nini jana?"

"Jana?"

"Alipokuinamia. Alisema nini?"

Bwana Tai alicheka kidogo, cheko la adabu. "Mama yangu, ningemsikia vipi na kelele ile? Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Niliona mdomo tu. Nikajua ananikaribisha."

Dumu likawekwa chini.

"Na sisi?" mwalimu aliuliza. "Sisi ulitusikia tumekubali?"

"Nyinyi mlinyamaza."

"Tulikuwa tunangoja ndege ipite!"

Bwana Tai akawatazama mmoja mmoja kama watu wanaosema lugha ya ng'ambo. "Mnangoja ndege ipite," alirudia. "Kwa nini?"

Fundi Geti alikuwa ameshamfikia. Alimkamata kwa ile tai, akaizungusha mkononi mara moja, na uso wa yule bwana ukageuka rangi. Nyundo ikapanda. Rungu la askari wa kwanza lilimpata Fundi begani, la pili likamkosa yeye likampata mama yao, aliyekuwa ametoka mbio kwa miguu yake mibovu, likamwangusha juu ya tope la petroli. Watu wakawavamia askari. Nyundo ilikuwa bado juu.

Mkono ukaikamata kwa nyuma. Fundi Geti aligeuka na ngumi ya kushoto iliyokunjwa, aipige hiyo sura yoyote itakayokuwa pale, akakuta sura ya kaka yake, imefungwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, nyeusi kwa uvimbe, jicho moja tu wazi. Mabega alikuwa akisema kitu. Nyuma ya waya ilitoka sauti ya ng'ombe, si neno.

Vidole vya Fundi vililegea kwenye tai. Bwana Tai alitambaa hadi garini akiwa na kiatu kimoja.

Baadaye ilitangazwa kwamba mkutano utarudiwa. Wapima ardhi hawakungojea huo mkutano, walikuja wakapaka alama nyekundu za kubomolewa kwenye kila ukuta, na ukuta wa ndugu wale ulipata mbili. Wateja walimrudishia mshonaji nguo zao, wengine na sukari juu. Yule wa gauni la mkono mmoja aliomba radhi akiwa amelivaa. Muuza mboga alileta toroli lenyewe, akaliacha mlangoni, akakimbia.

Fundi Geti hakuomba radhi kwa sababu hakujua pa kuanzia. Mama yake, mkono uliopigwa rungu ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, alifungua lile komeo akamwita.

"Nani alivunja hicho kinywa?"

"Mimi, mama."

"Basi mwenye kukivunja ndiye atakayekilisha. Uji huo hapo."

Aliingia na bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alichota uji mwepesi akapeleka kijiko kwenye upenyo uliobaki baina ya meno. Mabega aliupiga mkono ule, uji ukaruka ukutani. Fundi akajifuta, akachota tena. Mabega aliinuka akakaa. Alimpiga mdogo wake kofi la mtu aliyebeba masanduku maisha yake yote, na Fundi akaanguka chini pamoja na kiti.

Mshonaji alikimbia kutoka barazani. Mama mkwe wake alimzuia mlangoni kwa mkono mzima.

"Waache."

Fundi aliinuka. Mdomo wake ulikuwa unavuja damu. Alikaa palepale, akachota tena.

"Piga, kaka," alisema.

Mabega akampiga. Safari hii hakuanguka, ila kijiko kilidondoka, akakiokota, akakifuta kwenye shati lake, akachota.

"Piga."

Mkono wa Mabega ukapanda, ukashuka, ukatua kwenye shavu lile lililovimba, ukashindwa kuondoka. Ulibaki hapo, mzito, na kichwa cha Fundi kikaulalia. Wakakaa hivyo. Kisha Mabega akafumba jicho lake moja, akasogeza uso mbele.

Uji ulikuwa umepoa. Akaunywa wote.